Mbolea Iliyolala

Watu wananipigia simu kuniuliza mbolea ya majani. Namba yangu sijui wanaitoa wapi. Mtu anaanza, "Dada samahani, nyasi zangu zimekuwa njano, niweke nini?" Hapo mimi nimetoka juani kutwa nzima, miguu inawaka, chai hata sijaimimina. Lazima nijibu, maana nisipojibu ataenda dukani apewe ile nyeupe ya chengachenga, ataimwaga saa saba mchana, halafu kesho ananipigia tena kuniuliza kwa nini imekuwa hivi. Basi najibu. Samadi ya ng'ombe sawa, lakini ichekeche vizuri, la sivyo utaotesha magugu ya wilaya nzima. Ya mbuzi ipondwe kwanza. Mboji kama unayo weka hiyo hiyo, usihangaike. Ya kuku... Nikifika kwenye ya kuku huwa nanyamaza. Mtu wa upande wa pili anadhani mtandao umekata.

"Haloo? Dada?"

"Nipo. Ya kuku achana nayo."

Na siyo kwamba ni mbaya. Ina nguvu kuliko zote, na hiyo nguvu ndiyo shida yake. Ila nimechoka kuieleza, kwa sababu nikianza kuieleza narudi kwenye ile bustani ya njia ya Kwihara, na kule sipendi kurudi.

Mimi haya mambo sikuyasomea. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo tuyaache, nikaingia kwenye mapambo. Kazi yetu ilikuwa kuvalisha viti. Viti mia tatu, kila kimoja gauni lake na utepe wake kwa nyuma, halafu usiku unavivua vyote vimejaa pilau. Bustani tuliyokuwa tunapelekwa mara nyingi ni ya mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Tabora, ana duka la vitambaa mjini. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na akikutana na wazee wa vijijini anawaamkia "Mwangaluka" kama mtu aliyelelewa na bibi wa Kinyamwezi, na kweli ndiye aliyemlea. Bustani ilikuwa kwenye kiwanja cha baba yake. Ukoka mtupu, umelala kama mkeka, na kabla hujaukanyaga unajiuliza kama uvue viatu.

Aliyeupanda ni mzee mmoja kutoka Bukene. Nilijuana naye siku niliyogombana na mshereheshaji. Huyo kaka alitaka spika zake zikae katikati ya majani, zile kubwa za magurudumu, anaziburuta tu, na nyuma yake unaona mstari wa udongo. Mzee amesimama pembeni na reki yake, kofia mkononi, anasema, "Kijana wangu, naomba uzibebe." Kijana hata hageuki. Mimi siwezi kuona mtu mzima anaongea na mgongo wa mtu. Niliacha viti vyangu, nikaenda nikakalia spika.

"We dada, toka hapo."

"Sitoki. Kwanza shikamoo yako iko wapi? Mtu anakuita kijana wake na wewe unaburuta!"

"Kwani hii bustani ya baba yako?"

"Ya babu yangu. Huyo hapo."

Nilisema tu, kwa hasira. Lakini yule mzee alicheka mpaka akakohoa, na kuanzia siku hiyo akawa babu kweli. Mwezi uliofuata nikaacha viti, nikamwomba yule mama anipe kazi ya majani. Mama akaniangalia kucha zangu, akasema, "Hizo utazikata?" Nikazikata siku hiyo hiyo.

Babu hakuwa mtu wa kufundisha. Unamuuliza, anakujibu kwa mkono. Kila samadi ikiletwa, kabla haijashushwa yote, anaingiza mkono ndani ya lundo mpaka kwenye kiwiko, anautuliza humo, anatazama mbali. Dakika mbili, tatu. Mimi nilidhani anapumzika. Nilikuwa hata namtania, "Babu, umepata mto wa kulalia mkono?" Anatabasamu, anautoa, anaunusa, halafu anasema kitu kimoja kati ya viwili: "Imelala," au "Haijalala." Ikiwa imelala, tunachekecha, tunachanganya na mchanga wa mtoni, tunasambaza kiasi kwamba majani bado yanaonekana, tunapitisha reki kwa mgongo wake, tunamwagia maji. Ikiwa haijalala, anaifunika kwa majani ya migomba kule nyuma, na hatuigusi tena.

Mengine nilijaziliza mwenyewe kwenye simu. Nilikuwa naangalia wazungu wanapanda mashine za kukatia majani kama trekta, nusu naelewa nusu nakisia, nakuja asubuhi na mpya. Babu, tuweke mashudu ya alizeti! Tukaweka mashudu, wakaja mchwa. Babu, tuloweke samadi kwenye pipa, tunyunyize maji yake kama chai! Tukaloweka, na siku tuliyonyunyizia ikaja familia kukagua bustani kwa ajili ya send-off, wakaondoka wameziba pua. Babu hakuwahi kunisema. Alisema tu, "Hiyo chai tutaipika Jumatatu, siku isiyo na wageni."

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Mwezi wa tano ukoka ulikuwa umeshaanza kupauka, na kila harusi ilikuwa inaacha vipande vya njano pale hema liliposimama. Ndipo mtoto wa kaka yake yule mama mwenye bustani, yuko Dar es Salaam, alipoanza kupiga simu za video. Siku moja mama alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha ofisi, simu ameiegemeza kwenye jagi, mimi nafuta meza nasikia yote.

"Shangazi, weka zulia. Nyasi za bandia. Huku kila mtu anaweka. Kijani mwaka mzima. Halitaki maji, halitaki mbolea, halitaki mzee."

Nilisogea mpaka nikaonekana kwenye simu.

"Na adabu nayo halitaki?"

"Huyo nani?"

"Huyu ni wa majani," mama akasema, huku ananisukuma kwa kiwiko. "Nenda huko, mama mdomo. Nenda."

Nikaenda, lakini siyo mbali.

Jioni mama alituita wote wawili. Hakuwa na ubaya, na hilo nalisema hata leo, ingawa siku ile nilimchukia. Alikuwa amechoka na kisima kinachokauka, na wateja wanaopiga picha za vipande vya njano na kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp. Akamwambia babu, "Mzee wangu, kuna harusi kubwa wiki ya pili baada ya Idi ya Mfungo Tatu. Majani yakiwa kijani siku hiyo, tunaendelea kama zamani. Yasipokuwa, nitamwambia kijana alete zulia lake. Na zulia likija, mimi sitakuwa na kazi ya kukupa. Kile chumba unacholala itabidi kiwe stoo ya viti."

Babu akasema, "Nimekusikia, mama." Basi.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma, karibu na pipa la maji. Kitanda, redio, sanduku la bati. Nilimfuata huko nimefura.

"Babu, si useme kitu! Mtu unaondolewa na wewe unasema nimekusikia!"

"Si nimemsikia kweli?"

"Utaenda wapi?"

"Bukene. Kwa mwanangu."

"Si vizuri, basi, ukapumzike."

Akakaa kitandani, akavua kofia. "Mjukuu wangu, kule wananipokea vizuri sana. Wananipa kiti. Wananipa chai. Halafu wanakaa wananiangalia." Akaipangusa kofia vumbi. "Hapa hakuna anayeniangalia. Wanaangalia majani."

Sikulala vizuri siku hiyo. Nilijiapiza kwamba babu haondoki, na yale majani yatakuwa kijani hata kama itabidi niyapake rangi.

Siku chache baadaye babu akapigiwa simu kutoka kwao. Shemeji yake amefariki. Akapanda treni ya Mwanza kwenda kuzika, akaniachia bustani. Samadi ya zizi ilikuwa imebaki kidogo na haikuwa na nguvu tunayoitaka kwa muda ule. Usiku wa pili akanipigia, sauti inakuja inapotea, nyuma yake watu wanaimba.

"Kule Ipuli," akasema, "kuna mama anafuga kuku. Chukua ya kwake. Lakini chukua iliyolala."

"Iliyolala. Sawa babu."

"Umesikia? Iliyolala."

"Nimesikia babu, mimi siyo kiziwi!"

Asubuhi nikaenda Ipuli na guta la magurudumu matatu. Yule mama anafuga kuku wa nyama, mabanda manne, yeye mwenyewe mnene, mchangamfu, kilemba kimekaa upande. Nyuma ya mabanda kulikuwa na lundo la zamani limeota mchicha juu, jeusi, unaweza kusema ni udongo tu. Pembeni ya mlango kulikuwa na magunia mapya yamepangwa safi.

"Shikamoo mama. Nataka mbolea."

"Marahaba mwanangu. Chukua hayo magunia, yako tayari, hayakusumbui kuchota."

"Lakini imelala?"

"Nani?"

"Mbolea. Nataka iliyolala."

Akayatazama magunia, akahesabu kwa vidole. "Hiyo? Imelala. Imelala hapo tangu juzi, mwenyewe aliyeagiza hajaja kuichukua."

Juzi. Sasa ninyi mnaosoma mnacheka, na hata mimi ningekuwa namsikiliza mtu mwingine ningecheka. Lakini mimi nimezaliwa mjini. Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi cherehani, nyumba yetu iko hatua chache kutoka msikitini, shamba nalijua kwa kulipita. Kwangu kitu kilicholala ni kitu kilicholala usiku. Wali uliolala, mkate uliolala. Usiku mmoja unatosha, na hii ilikuwa imelala siku mbili nzima! Niliona nimezidisha. Harufu yake ilikuwa inachoma pua mpaka machozi yanatoka, na mimi nikajisemea, ndiyo hiyo, hii ina nguvu, hii itatufikisha.

Nikaimwaga bustani nzima isipokuwa ukingo wa kwenye ua, ambapo magunia yaliishia. Nilifanya kama babu, nikachekecha kuondoa maranda ya bandani, nikapitisha mgongo wa reki, nikamwagia maji kidogo kwa sababu kisima kilikuwa hakitoi. Nikapiga picha, nikamtumia yule mama mwenye bustani, nikaandika: Tulia, Mama.

Siku ya tatu nilifika asubuhi nikaona kama kuna mtu ameacha pasi juu ya kitenge. Kahawia. Mabaka makubwa, mengine mapana kama meza, na kingo zake zimekauka mpaka zinavunjika mkononi. Pale penye ua, ambapo magunia yaliishia, ukoka ulikuwa vilevile. Nikafanya ninachokijua, nikaenda Ipuli kugombana.

"Umeniuzia sumu!"

Yule mama wa kuku alikuwa anawapa kuku maji. Hakuacha. "Sumu gani tena asubuhi yote hii?"

"Nilikuuliza imelala, ukasema imelala!"

"Na ilikuwa imelala! Nilikwambia tangu juzi. Juzi ni juzi, mwanangu, mimi nikuongezee siku?"

"Imeunguza majani yote!"

Hapo akaweka ndoo chini. "Uliiweka kwenye majani? Hivyo hivyo?" Akaguna. "Mungu wangu. Mimi nilidhani unaenda kuilaza."

Kuilaza. Nikamwangalia. Akanyoosha mkono kwenye lile lundo lenye mchicha. "Ile ndiyo imelala. Ile imelala tangu masika ya mwaka juzi. Sasa wewe ungesema unataka ya namna ile!"

Niliondoka bila kuaga, na mpaka leo huwa namwonea aibu tukikutana sokoni.

Babu alirudi jioni ya siku iliyofuata, na kishungi cha karanga alichoniletea. Sikumwendea getini. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo katikati ya mabaka. Akaja, akachuchumaa, akauvuta ukoka mmoja, ukakatika. Akachimba kidogo kwa kidole mpaka akaona mzizi mweupe.

"Uliingiza mkono?" akaniuliza.

"Mkono wapi?"

"Kwenye gunia. Kama haijalala, inakuwa ya moto ndani. Mkono unajua."

Ndipo nikaelewa. Miaka miwili nimemwangalia akipima mbolea, mimi nasema anapumzika. Nikalia, na mimi nikilia nalia kwa kelele, nalaumu kila mtu, simu, mtandao mbovu, Kiswahili chenyewe. Babu akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Chini iko hai," akasema. "Ukoka haufi hivi hivi. Lete ndoo."

Tuliiosha ile bustani kama watu wanaofua shuka. Kisima kikigoma tunachota bombani kwa jirani, tunamwaga, tunasubiri udongo unywe, tunamwaga tena. Tulikwangua maranda yote yaliyobaki. Nikarudi Ipuli, safari hii nikaingiza mkono kwenye lile lundo la mchicha mpaka kwenye kiwiko. Baridi. Harufu ya mvua. Tukaichekecha, tukaiweka nyembamba. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa napiga magoti na kuhesabu vijani vipya. Vilikuja kweli. Vilikuja kama vipele, kimoja hapa, kimoja kule. Babu akasema ukoka unahitaji wiki tano, sita. Sisi tulikuwa na siku kumi.

Mama mwenye bustani alikuwa ameshaona. Nilimfuata dukani kwake, katikati ya wateja na majora ya vitambaa, nikamwambia ni mimi. Babu alikuwa msibani, hakugusa hata punje, mwite umuulize yule mama wa kuku, mwite yeyote, niondoe mimi mwache yeye. Niliongea kwa sauti mpaka mteja mmoja akarudisha kitambaa mezani.

Mama akanishika mkono akanitoa nje. "Najua ni wewe," akasema. "Yeye amekuja jana akaniambia ni yeye. Sasa nyie wawili mnataka nifanye nini? Harusi iko palepale."

Sikujua kwamba babu alikwenda. Nilirudi kumgombeza, nikamkuta anapanga nguo zake kwenye sanduku la bati, nikakaa nikaanza kumkunjia mashati.

Zulia lilikuja kwa lori, limeviringishwa kama mikeka ya msikiti. Mafundi wake wakasema lazima udongo usawazishwe kwanza, majani yote yatolewe. Nikawaambia mimi jembe sishiki. Mwenye zulia achimbe mwenyewe. Babu alikuwa ameshavua viatu.

"Ukikataa wataita mtu mwingine," akasema, "na huyo ataukata juu juu. Njoo."

Tulichimba siku mbili. Yeye alikuwa anakata kwa kisu vipande vya mraba, anavitikisa taratibu, anavilaza kwenye magunia yenye maji, vilivyo hai peke yake. Mgongo wangu ulikuwa unauma kiasi kwamba hasira yenyewe sikuwa na pa kuiweka. Mwanawe akapiga simu, babu akaiweka spika ili asiache kisu.

"Baba, umesema unakuja na mizigo gani?"

"Magunia manne. Ukoka."

"Baba, ukoka? Huku tunaung'oa kila siku mashambani, tunauchoma! Watu watasema nini?"

"Waambie huu ni wa mjini."

Yule mwanawe alicheka, babu naye akacheka, mimi nikaenda kuosha uso bombani.

Stesheni, mkaguzi wa mizigo alipiga gunia teke. "Humu kuna nini?"

"Majani," babu akasema.

"Ya ng'ombe?"

"Ya kukalia."

Yule mkaguzi akaniangalia mimi, kama mtu anayetafuta mwenye akili. Siku nyingine ningemla mzima kwa lile teke. Siku ile niliinama, nikashika gunia upande mmoja, mkaguzi akashika upande wa pili, tukapandisha. Yote manne. Babu akapata kiti cha dirishani, akaweka sanduku mapajani.

Treni ilikuwa haijaondoka akanipungia nisogee.

"Vile vipande vya ukoka vilivyobaki kule nyuma ya bustani, kwenye kivuli. Umevimwagia?"

"Nimevimwagia, babu."

Sikuwa nimevimwagia. Tangu alfajiri nilikuwa nabeba magunia. Treni ilipopinda nikaondoka stesheni kwa miguu, jua kali, viatu vinaniuma, nikatembea njia yote mpaka bustanini. Mafundi walikuwa wameshatandika nusu. Nilipita pembeni ya zulia lao bila kuwasalimia, nikachukua ndoo.